Mfu Aliyezuka: Filamu za Kutisha za Gharama Ndogo na Hofu za Nyanda za Juu Kusini

Katika Kinyakyusa, lugha ya watu wa Rungwe na Kyela, pana kitenzi kisemwacho syuka. Maana yake ni kuinuka kutoka kwa wafu, na sikio la Mswahili haliwezi kukosa kuusikia ndani yake udugu wa zuka na mzuka. Kutokana na kitenzi hicho hupatikana jina abasyuka, yaani waliozuka, ambalo Wanyakyusa wa zamani walilitumia kwa marehemu wao. Jina jengine la hao hao lilikuwa abapasi, walio chini. Halikuwa jina la kitisho. Walio chini walikuwa baba na babu wa mtu; hao ndio walioombwa uzazi na mavuno, na nafasi yao ilikuwa palepale jikoni, karibu na moto.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 jina hilo lilisafiri. Mussa Banzi, mwongozaji wa filamu za video wa Dar es Salaam, alitoa filamu aliyoiita Nsyuka, ambayo huhesabiwa miongoni mwa filamu za mwanzo kabisa za kutisha zilizotengenezwa kwa Kiswahili. Neno la mlimani likashuka pwani, likatiwa katika kasha lenye picha ya rangi, likauzwa madukani pamoja na kanda za Nigeria na za Kihindi. Mwaka 2005 mwongozaji huyo huyo akatoa Shumileta, kisa cha jini wa kike na mapenzi yake kwa binadamu, na baada ya hapo mlango ukawa wazi: filamu za majini, za wafu, za wanyonya damu, zikafuatana moja baada ya moja.

Wakosoaji wengi wamezicheka filamu hizo, na kuzicheka ni kazi nyepesi. Swali zito zaidi ni jengine. Zilipoichukua hofu ya Nyanda za Juu Kusini na kuitia ndani ya kanda, zilibeba nini na zilikiacha nini njiani?

Lazima kwanza ikumbukwe zilivyotengenezwa. Kampuni ya Filamu Tanzania, iliyoundwa na serikali mwaka 1968, ilikuwa imekwisha nguvu kabla ya miaka ya 1990. Filamu ya ukanda wa kawaida ilikuwa ghali, maabara ya kuisafisha haikuwepo nchini, na fedha za wafadhili zilikuja na masharti yao. Kamera ya video ndiyo iliyovunja pingu hizo. Vikundi vya maigizo vilivyokwisha kuzoeleka katika televisheni, kama Kaole, vilikuwa na waigizaji waliojua kubuni mazungumzo papo kwa papo bila ya mswada kamili. Nyumba ya kuigizia iliazimwa kwa jamaa, nguo zilitoka kabatini mwa mwigizaji mwenyewe, na upigaji picha ulikwisha kwa siku chache. Kisa kimoja kikakatwa sehemu ya kwanza na ya pili ili kiuzwe mara mbili. Walioyafanya haya walikuwa wamekaa miaka kadhaa wakitazama filamu za Ghana na Nigeria, ambamo fedha za ghafla hutokana na kafara na nyoka hulala chini ya kitanda cha tajiri. Walijua kwamba filamu ya namna hiyo haihitaji helikopta.

Umaskini huo uliwapa mambo mawili ambayo pesa haiwezi kuyanunua. La kwanza ni nyumba ya kawaida. Filamu ya kutisha ya Ulaya hujenga ngome yenye buibui na minara. Ya Dar es Salaam hutumia sebule yenye kochi la vitambaa vya kufuma, kabati la vyombo, na feni inayozunguka polepole. Mtazamaji aliyeketi katika kibanda cha video cha Mwanjelwa au cha Makambako aliiona sebule ileile aliyoiacha nyumbani, na hofu ikamfuata hadi kitandani. La pili ni lugha. Kabla ya hapo, watazamaji wa vibandani walitishwa kwa Kiingereza au Kikantoni, na mfasiri kama Lufufu akiwapokelea maneno na kuyageuza kwa Kiswahili chenye vichekesho. Kitisho kilifika kikiwa kimepoa. Mzuka unaosema Kiswahili hauhitaji mpokezi.

Wapenzi wa mashairi hawatashangazwa na jambo hili. Mizani na vina ni ufinyu wa kujitakia, na mshairi mahiri huutumia ufinyu ule kumlazimisha apate neno ambalo asingelipata akiwa huru. Ufinyu wa fedha waweza kufanya kazi hiyo hiyo katika filamu. Mwaka 1942 kampuni moja ya Hollywood ilimpa mtayarishaji Val Lewton bajeti ndogo na jina la filamu tayari limekwisha kuchaguliwa: Cat People. Yeye na mwongozaji Jacques Tourneur walitengeneza kisa cha mwanamke anayeamini kwamba akipandwa na wivu au mapenzi atageuka chui, kwa laana ya kijiji alichozaliwa. Chui haonekani ila kwa nukta chache. Pana kivuli ukutani, pana hatua za viatu barabarani ambazo ghafla hazisikiki tena, pana maji ya bwawa la kuogelea yanayomeremeta darini. Miaka 57 baadaye The Blair Witch Project iliwapeleka vijana watatu msituni Maryland na kamera za mkononi, na mchawi hakuonekana hata mara moja. Katika filamu zote mbili ukata uligeuka kuwa mtindo, kwa sababu kisichoonekana hakigharimu kitu, nacho ndicho kinachotisha zaidi.

Hapo ndipo filamu zetu zilipoteleza. Zilikuwa na kila sababu ya kuficha, nazo zikaonyesha. Meno ya bandia, rangi nyekundu mdomoni, macho yaliyotiwa mng'ao na mhariri, mtu anayetoweka kwa kukatwa kwa picha: vitu hivi viliwekwa mbele ya kamera kwa fahari, katika mwanga mkali, kwa muda mrefu kupita kiasi. Mhariri aliyekwisha kujifunza mbinu mpya ya kompyuta alitaka ionekane. Muuzaji alitaka jini liwe juu ya kasha, kwani mnunuzi hanunui kivuli. Na sauti, ambayo ndiyo nusu ya hofu, iliachwa yatima. Maneno yalichukuliwa na kinasa sauti cha kamera yenyewe, yakaingia pamoja na jogoo, pikipiki na watoto wa jirani; kisha muziki wa kinanda ukamwagwa juu ya kila kitu, ukimwambia mtazamaji aogope kabla hajapata sababu.

Lakini dosari hizo ni za ufundi, na ufundi hujifunzwa. Iliyo kubwa zaidi inahusu mahali hofu inapowekwa. Katika filamu nyingi za kundi hili kitisho hutoka nje: hutoka makaburini, baharini, kuzimu, kwa mwanamke mgeni mwenye uzuri usio wa kawaida. Kinaingia katika nyumba njema, kinaivuruga, kisha mganga au mhubiri anakifukuza. Watu wa nyumba ile hawana la kujibu. Na hilo ni geni kabisa katika nchi ambayo neno nsyuka lilizaliwa.

Monica Wilson na mumewe Godfrey walikaa Unyakyusa kati ya 1934 na 1938, na vitabu alivyovitoa Monica baadaye, kuanzia Good Company wa 1951, vimehifadhi mengi ya waliyoyasikia. Wanyakyusa wa wakati ule hawakuishi kwa koo. Vijana wa rika moja walijenga kijiji chao, wakazeeka pamoja ndani yake, na sifa kuu ya utu ilikuwa ushirika mwema: kula pamoja, kunywa pamoja, kucheka pamoja. Ndani ya ushirika huo ndimo uchawi ulimokaa. Mchawi alisemwa kuwa ana chatu tumboni. Chatu yule hutamani nyama na maziwa, na usiku hutoka kwenda kuwatafuna jirani waliochinja bila ya kugawa. Mtu aweza kurithi chatu kwa mzazi wake, na chatu haonekani mchana. Jirani uliyepokezana naye kibuyu jioni ndiye huyo huyo. Waswahili wanasema kikulacho ki nguoni mwako; kule Rungwe kilikuwa ndani zaidi ya nguo.

Lenye utata zaidi ni kwamba nguvu ya kupambana na wachawi ilikuwa ya jamii moja na uchawi wenyewe. Walinzi wa kijiji, wazee walioona usiku yasiyoonwa na wengine, nao walisemwa kuwa na chatu. Na watu wote wa kijiji kwa pamoja walikuwa na kitu kilichoitwa embepo sya bandu, pumzi au baridi ya watu. Mwana aliyemdharau babaye, au tajiri aliyekula peke yake, watu walinung'unika juu yake, na minong'ono ile ikamwingia mwilini kama ubaridi. Akaugua homa, akapooza, ng'ombe wake wakakauka maziwa. Baridi ile ilihesabiwa kuwa haki. Uchawi haukuhesabiwa kuwa haki. Ila mgonjwa aliyelala akitetemeka angejuaje ni ipi kati ya hizo iliyomshika? Angelazimika kuyapitia maisha yake yote, jirani mmoja baada ya mwengine, ajiulize alimkosea nani na nani amemkosea yeye.

Hiyo ni filamu. Haitaki meno ya plastiki. Inataka chumba kimoja, mgonjwa mmoja, na watu wanaokuja kumjulia hali mmoja mmoja, wote wakiwa na adabu.

Hata kuzuka kwa wafu kulikuwa na maana ya namna hiyo. Katika Rituals of Kinship among the Nyakyusa, kilichotoka 1957, Wilson anaeleza kwa urefu mila za mazishi. Kwanza marehemu hutengwa na walio hai, afukuzwe katika ndoto na katika miili ya wafiwa. Kisha, baada ya kutengwa, hurudishwa nyumbani kwa heshima. Asiyetimiza mila hizo alihofiwa kurukwa na akili. Ndiyo maana wafiwa, katika siku fulani za matanga, waliigiza wazimu kwa makusudi, ili wazimu wa kweli usije. Aliyezuka, basi, hakuwa mwenye pembe. Alikuwa mzazi ambaye mwanawe bado hajamaliza kuagana naye. Mtu wa leo angesema kwamba mila hii ilikuwa tiba ya huzuni. Hata bila ya kusema hivyo, ni wazi kwamba hofu yake ilikuwa moyoni mwa aliye hai.

Na pana Lwembe. Huyu alikuwa mtawala mtakatifu aliyekaa Lubaga, na uzima wa nchi ulifungamana na uzima wa mwili wake. Kwa sababu hiyo hakuruhusiwa kufa kama watu. Akidhoofika, makuhani walikuja nyumbani kwake, wakaziba matundu ya mwili wake ili pumzi ya uzazi isiondoke na mvua, wakamzika. Nywele na kucha zake zilichukuliwa kabla hajakata roho. Wilson aliambiwa kwamba watu walikuwa wakiuogopa utukufu huo na kwamba aliyechaguliwa hakuwa na hiari. Mtu afikirie siku za mtawala wa namna ile anapopata mafua. Anajizuia kukohoa. Makuhani wake ni watu wema, wanamheshimu, wanamwulizia usingizi wake ulikuwaje. Hakuna mwandishi wa Hollywood aliyebuni tukio la kutisha kwa gharama ndogo zaidi ya hilo, na hadi leo sinema ya Kiswahili haijaligusa.

Fasihi ya Kiswahili, lakini, ilikwisha kuonyesha njia, na ilifanya hivyo kutoka upande wa Iringa. Mwaka 1977 Tanzania Publishing House ilichapisha Mirathi ya Hatari ya C. G. Mung'ong'o, riwaya ya nchi ya Njombe, ambayo wakati ule ilikuwa wilaya ya mkoa wa Iringa. Kijana msomi, Gusto, anaitwa nyumbani baba yake akiwa mahututi, na kile anachorithishwa ni uchawi. Kitisho cha riwaya ile hakiko katika vifaa vya ulozi, ingawa vimo. Kiko katika hali ya mwana anayempenda babaye, aliye na elimu ya skuli, anayejua vizuri kwamba angeweza kukataa, na ambaye anaona kila hatua anayochukua ikimfunga zaidi. Ni kitabu chembamba. Kingeweza kupigwa picha kwa fedha za Nsyuka na pengine zikabaki.

Iringa ina kisa kingine kisichohitaji kubuniwa. Mkwawa, mtawala wa Wahehe, alijiua mwezi Julai 1898 ili asikamatwe na Wajerumani, na kichwa chake kikakatwa. Mkataba wa Versailles wa 1919 ukaitaka Ujerumani ikirudishe katika kifungu cha 246, kile kile kilichotaja msahafu wa Khalifa Uthman. Miaka ikapita. Mwaka 1953 gavana wa Tanganyika, Edward Twining, akaingia katika jumba la makumbusho la Bremen lililokuwa na mafuvu kwa mamia, akachagua moja kwa kulinganisha vipimo vyake na vipimo vya vichwa vya jamaa wa Mkwawa walio hai. Tarehe 19 Juni 1954 fuvu hilo likakabidhiwa Kalenga kwa Chifu Adam Sapi, mjukuu wa marehemu, na hadi leo limo ndani ya sanduku la kioo. Kwamba ndilo lenyewe, wapo wanaoamini na wapo wanaotia shaka. Gavana na futi yake kati ya rafu za wafu, mjukuu anayepokea kichwa ambacho huenda ni cha babu yake na huenda ni cha mtu mwengine: mwongozaji mwenye subira angeweza kuishi ndani ya "huenda" hiyo saa nzima.

Haikuwa kwamba sinema ya Tanzania haikuijua njia ya moyoni. Hata filamu za mwanzo za nchi hii, zile za mradi wa kikoloni uliofanya kazi Vugiri, Usambara, kati ya 1935 na 1937, zilitengenezwa kwa fedha kidogo na waigizaji wasio wa kulipwa sana, japo lengo lao lilikuwa kufundisha habari za safura na benki ya posta. Mwaka 1985 Arusi ya Mariamu ya Nangayoma Ng'oge na Ron Mulvihill ilisimulia juu ya mwanamke anayeugua ugonjwa usiopata dawa hospitali, na ambaye tatizo lake kubwa ni kwamba anawaogopa waganga kwa jambo lililompata utotoni. Haifiki hata saa moja. Amandina Lihamba, aliyeigiza humo, akaonekana tena katika Maangamizi ya 2001, iliyoongozwa na Martin Mhando pamoja na Mulvihill huyo huyo, akiwa mgonjwa aliyenyamaza katika hospitali ya akili huku bibi wa kale akimtokea. Je, bibi yule ni mzimu au ni kumbukumbu? Filamu haijibu. Ilipelekwa kuwakilisha Tanzania katika kuwania tuzo za Oscar, ikasifiwa ugenini, na watu wa Mbeya na Iringa hawakuiona, kwa sababu haikuuzwa vibandani. Nsyuka ilifika. Mwenye kuzihukumu filamu za video bila ya kulikumbuka hilo anahukumu nusu ya kesi.

Visiwani nako pana la kukumbukwa. Mohamed Said Abdulla, katika Mzimu wa Watu wa Kale ya 1960, alimpeleka Bwana Msa mahali panapoogopwa na kila mtu, na Bwana Msa hakukubali kwamba mzimu ndio uliofanya. Alitafuta mkono wa binadamu. Miaka 35 baadaye, mwaka 1995, Popobawa alipoikumba Pemba kisha Unguja na watu wakalala nje kwa makundi wakikesha, hakukuwa na Bwana Msa wa kutosha. Mjini Unguja mtu mmoja aliyekuwa na ugonjwa wa akili alidhaniwa kuwa ndiye, akauawa na kundi la watu. Haji Dilunga alipoitoa filamu ya Popobawa mwaka 2009, kilichovutia wanunuzi ni yule mwenye mbawa. Hofu ya makundi yale yaliyokaa kibarazani usiku kucha, kila mmoja akiogopa kuwa wa kwanza kusinzia, ilikuwa kubwa zaidi ya mbawa.

Kisa hicho cha Unguja ndicho kinachoufanya mjadala huu usiwe wa ladha tupu. Filamu za kutisha za Tanzania hazikutazamwa katika nchi iliyokwisha kuyasahau mambo haya. Mwishoni mwa miaka ya 1990 na mwanzoni mwa miaka ya 2000, wakati Banzi na wenzake wanajifunza kazi yao, magazeti yaliandika juu ya watu waliouawa na kuchunwa ngozi mkoani Mbeya kama ulivyokuwa wakati ule, ngozi zikisemwa kutakiwa kwa dawa za utajiri. Kuanzia miaka ya 2006 na 2007 yakaja mauaji ya watu wenye ualbino, makali zaidi katika mikoa ya Ziwa. Mapema mwaka 2019 watoto waliuawa Njombe, na waganga wakawa tena katika maneno ya polisi na ya mitaani. Pembeni mwa hayo yote kulikuwa na vifo visivyo na kelele: vikongwe waliopigwa kwa macho mekundu, macho yaliyoiva kwa moshi wa kuni wa miaka 50.

Katika filamu za kundi la Nsyuka na Shumileta pana kanuni isiyovunjwa mara nyingi. Mganga akitazama katika maji au kioo na kutaja jina, huwa amesema kweli. Kamera yenyewe inamthibitishia. Mtazamaji anaonyeshwa mtuhumiwa akifanya kile alichotuhumiwa. Hakuna aliyesingiziwa. Mwanamke mgeni ndiye jini kweli, mjane mwenye mali amemla mumewe kweli. Watu wa Iringa walipofunga safari mwishoni mwa miaka ya 1950 na mwanzoni mwa 1960 kwenda Nyasaland kwa mganga aliyejulikana kwa jina la Chikanga, safari aliyoiandika Alison Redmayne baada ya kukaa na Wahehe, walikwenda kwa sababu ya shaka: huyu anamtuhumu yule, yule anakana, twendeni kwa anayejua. Shaka ndiyo iliyobeba nauli. Sheria ya Uchawi ya 1928, kwa udhaifu wake wote, ilisimama juu ya shaka hiyo hiyo na kumwadhibu pia anayemtaja mwenziwe. Filamu ikaiondoa shaka kwa kubonyeza kitufe cha kuhariri.

Asidhani mtu kwamba filamu iliua. Hakuna ushahidi wa hilo, na wauaji wa Mbeya na Njombe hawakuhitaji kanda kuwafundisha. Waongozaji nao wamejitetea kwa hoja isiyo dhaifu: walionyesha wanayoyaamini watazamaji wao, na mwisho wa kila kisa uovu unashindwa. Wameitetea pia kama mafunzo, kwamba tamaa ya mali ya haraka inaonyeshwa mwisho wake. Yote ni kweli. Lakini kisa ambacho mtuhumiwa wake ana hatia siku zote ni kisa kilichokwisha kabla hakijaanza, na hapo dosari ya kimaadili na dosari ya sanaa zinakuwa dosari moja. Cat People inatisha kwa sababu hadi dakika za mwisho mtu hajui kama mwanamke yule ni chui au ni mgonjwa aliyeachwa peke yake na mumewe. Mgonjwa wa Rungwe aliyetetemeka kitandani anatisha kwa sababu huenda jirani zake wana haki.

Biashara iliyozaa filamu hizo imekwisha badilika. Kampuni ya Steps Entertainment, iliyokuwa mnunuzi mkubwa wa filamu jijini Dar es Salaam, ilipoteza nguvu katika miaka ya 2010, uharamia ukala faida, Steven Kanumba aliyekuwa nyota wa tasnia akafariki Aprili 2012, na kanda zikapisha simu za mkononi. Kijana wa Uyole mwenye simu leo ana kamera bora kuliko ile iliyopiga picha za Shumileta, na ana kinasa sauti, na giza la bure kila jioni umeme unapokatika. Nyingi za filamu za mwanzo zilitoka kwa mkanda wa VHS na baadaye kwa CD, na vitu hivyo havidumu. Ukungu hula mkanda, mikwaruzo hula diski, na duka lililozikodisha sasa linauza vocha. Baadhi zimepandishwa katika intaneti na mashabiki, zikiwa na nembo za watu wasiozitengeneza. Anayetaka kumwona yule mfu wa Rungwe alivyotembea mara ya kwanza kwa Kiswahili itambidi aulize nyumba kwa nyumba nani bado ana deki inayofanya kazi.